Mbwa Waliosubiri King'ora

Hadi leo kengele ya mchana ikilia hapa shuleni, wenzangu wakigombania mlango wa bwalo, mimi hubaki nyuma kidogo, kwa sababu puani hunijia harufu ya dizeli iliyochanganyika na karanga mbichi. Ndiyo harufu ya Nachingwea ya utoto wangu. Wakati ule kambi ya wazungu waliokuja kulima karanga ilikuwa na king'ora juu ya paa la karakana. Adhuhuri kilipolia kilianza chini chini kama ng'ombe anayeugua, kikapanda, kikapanda, mpaka mtu akahisi meno yanamwasha. Hapo wanaume walizima matrekta, wanawake wakapakua, na kila mbwa wa kizungu alijua kwamba sahani yake imewekwa barazani. Kisha karanga zikakataa kuzaa kama wenyewe walivyotaka. Wazungu wakafungasha, na nyumba moja baada ya nyingine ikafungwa madirisha. Ila mlinzi wa karakana hakuambiwa aache, au aliambiwa akasahau, na king'ora kiliendelea kulia kila mchana. Mbwa nao waliendelea kuamini.

Asiyeona hawezi kujua kile kilikuwa kitu gani. King'ora kikilia tu, mbwa walitoka vichakani, mashambani, chini ya madaraja, wakapita katikati ya mji wetu mbio bila kubweka, ndimi nje, wakubwa kama ndama, wengine wenye manyoya marefu yaliyoshikana kwa kupe na tope. Walikwenda kukaa kwenye baraza za nyumba tupu, kila mmoja kwenye mlango wake, wakautazama mlango. Baadaye walirudi taratibu, na kurudi kwao ndiko kulikoniogopesha zaidi, maana sasa walikuwa na njaa na wametambua tena kwamba wameachwa. Mama zetu walituvuta ndani. Mimi nilikuwa na miaka kama tisa, mtoto wa haya, wa kujificha nyuma ya kanga za watu. Mama alikuwa amekwenda kwao Ruangwa kujifungua, baba yuko Mtwara kwenye kazi ya reli, nami nimeachwa kwa Bibi Somoe, mama yake baba. Bibi alikuwa Mmwera aliyeshika sana usafi wa dini. Nyayo za mbwa akiziona uani alizifagia, akanyunyiza maji, akafagia tena.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewafungulia mlango wale mbwa, naye alikuwa Mama Anjela, Mmakonde aliyevuka Ruvuma akiwa msichana. Alikuwa akifulia nyumba moja ya wazungu, na siku walipoondoka yule bibi wa kizungu alimtia kamba mkononi, akalia, akapanda gari. Mwisho wa kamba alikuwa Tobi, mbwa wa rangi ya kahawia, masikio marefu laini yaliyoning'inia kama majani ya mgomba yaliyonyauka. Mama Anjela hakuwa na nafasi nyumbani kwake ng'ambo ya mto wetu mdogo, basi akamfunga Tobi kwenye banda tupu la matrekta, jirani na kwetu. Tobi alipopata chakula wengine wakasikia harufu, wakaja, na paka wawili nao wakaja. Mwisho banda zima likawa lao. Watu walimwita Mama Mbwa, naye akaitika. Kisimani wanawake walimchokoza, "Mama Mbwa, wanao hawajambo?" Akajibu huku anajitwisha mtungi, "Hawajambo, mwenzangu. Na hawasengenyi mtu." Walicheka, lakini nilikuja kuona kwamba baadhi ya hao hao waliocheka, wakitoka kukamua ufuta, walipitisha mashudu kwa nyuma ya banda, na ukoko wa ugali, na mchinja nyama alimwekea utumbo. Hapakuwa na aliyetaka kuonekana akitoa. Hata Bibi alijua habari hiyo akanyamaza, na kwa Bibi kunyamaza kulikuwa mchango tayari.

Ndipo ikaja habari kutoka Ruangwa. Aliyeileta ni mnunuzi wa ufuta aliyekuwa anatoka pande za Mbwemkuru, akakaa barazani kwetu kunywa maji. Alisema huko Ruangwa binti mmoja aling'atwa na mbwa, kidonda kikapona, watu wakasahau. Kisha binti akaanza kuyaogopa maji. Akiletewa kikombe koo linajikunja. Akisikia tu maji yakimiminwa chumba cha pili, mwili mzima unatetemeka. Alikufa ana kiu, na maji yako pembeni ya kitanda. Yule mtu alimaliza maji yake, akaigeuza kata juu chini, akasema, "Kichaa cha mbwa hicho, Bibi. Hakina dawa." Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na mama yangu yuko Ruangwa. Tangu siku hiyo sauti ya maji kumiminwa mtungini haikuwa tena kitu cha kawaida kwangu.

Siku zile zile nikang'atwa. Watoto walikuwa wakienda kwenye nyumba za wazungu kuokota makopo na chupa, nami niliwafuata kwa mbali kama kawaida yangu. Wakaingia nyuma ya nyumba, mimi nikabaki barazani nimeegemea mlango, maana palikuwa na kivuli. King'ora kikalia. Sikujua kwamba huo ulikuwa mlango wa Tobi. Alikuwa amekata kamba yake, akaja mbio kupanda ngazi, akanikuta nimesimama pale ambapo pangefunguliwa. Alinitazama. Alinguruma kidogo, kama mtu anayesema hebu nipishe. Nilitaka kupisha, wallahi nilitaka, lakini miguu ilikuwa si yangu. Akanishika ovyo kwa meno kwenye nyama ya mguu, akanisogeza pembeni, kisha akakaa, akautazama mlango. Damu ilikuwa ikiniteremka kisiginoni na yeye hata hakunigeukia.

Bibi hakupiga kelele. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, akitembea na kunong'ona dua. Dresa, yule mfunga vidonda, kijana mnene mwenye sauti ya upole, alikiosha kidonda kwa sabuni mpaka nikaona nyota. Kisha akamwambia Bibi jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. "Mbwa huyo asiuawe. Mfungeni peke yake, mlisheni, mmwangalie. Mwezi ndio kwanza umeandama. Ukitimia naye bado anakula na kunywa, basi mjukuu wako hana kitu. Akianza kuyakataa maji, mleteni mtoto hapa mbio tumpeleke Lindi, akadungwe sindano za tumboni."

"Na mbwa akiuawa kabla?" Bibi akauliza.

"Basi hatutajua, Bibi. Mtabaki kungoja."

Nadhani Bibi alizeeka njiani wakati wa kurudi. Yeye aliyefagia nyayo za mbwa, sasa uhai wa mjukuu wake ulikuwa umefungwa kwenye shingo ya mbwa. Jioni ile ile alisonga ugali wa muhogo mkubwa kuliko wetu, akanipa niupeleke bandani. Mama Anjela alikuwa amemfunga Tobi kwenye nguzo ya pembeni, mbali na wenzake, kama dresa alivyoagiza. Siku chache baadaye kigae alichokuwa akimnyweshea Tobi kilipasuka, akaomba chombo. Hapo Bibi alisimama imara: chombo cha nyumbani kwake kisiguswe na ulimi wa mbwa. Aliokota debe kwenye jalala la karakana, akalisugua kwa majivu, akamtumia. Alifikiri amefanya wema, na kwa kadiri ya imani yake alikuwa amefanya.

Kazi yangu ikawa kumwangalia Tobi. Kila asubuhi na kila alasiri nilikaa mbali kidogo, kidevu juu ya magoti, nikimhesabia matonge. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami kila Tobi alipopiga mwayo nilishtuka. Lakini hofu ni kitu cha ajabu, ukikaa nayo sana unaanza kuizoea sura yake. Nilijua sasa kwamba sikio lake la kushoto lina pengo, na kwamba usingizini miguu yake hukimbia. Mchana king'ora kilipolia aliinuka, akavuta kamba mpaka macho yakamtoka, kisha akalala na kuugua kama mtu mzima. Mimi na yeye tulikuwa na jambo moja: sote tulikuwa tukiwangoja walioondoka. Na nyumbani, kabla Bibi hajaamka, nilikuwa nikienda mtungini kujipima. Nilichota maji kwenye kata, nikayatazama, nikajilazimisha kumeza. Yalipita. Kesho yake yalipita kwa shida. Siku iliyofuata koo lilikaza kabisa, nikayatema, nikakaa chini penye majivu ya jiko nikijua kwamba nimeanza kufa. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nikiona aibu, kama kwamba kufa kwangu kungewasumbua watu.

Asubuhi hiyo hiyo nilipofika bandani, Mama Anjela alikuwa amesimama mikono kiunoni. "Mwanangu," akasema bila kuniangalia, "hajanywa toka jana." Debe lilikuwa limejaa. Tobi alilaza kichwa pembeni yake, mate yakimtoka, na Mama Anjela aliposukuma debe karibu kwa fimbo mbwa aligeuza uso, akarudi nyuma mpaka kamba ikakaza. Sikumbuki jinsi nilivyofika nyumbani. Nakumbuka tu kwamba nilimshika Bibi upindo wa kaniki, mdomo ukagoma kusema, na Bibi akaelewa.

Na siku hiyo ndiyo waliyoichagua wakubwa wa wilaya. Baada ya ile habari ya Ruangwa ilikuwa imetoka amri kwamba mbwa wote wasio na mwenyewe wapigwe risasi. Tangu alfajiri tulikuwa tukisikia mlio upande wa uwanja wa ndege, mmoja, kimya, halafu mwingine, na kila mara karibu zaidi. Jua lilipopanda, askari wa wanyama pori akafika bandani na bunduki begani na watu nyuma yake. Alikuwa Mngoni, jina lake Ngonyani, mtu mrefu mwenye macho yaliyochoka. Alikuta Bibi Somoe amekaa kwenye kizingiti cha banda, miguu ameinyoosha, kama watani wanavyokaa kuzuia jeneza msibani. Kwa sababu Wangoni na sisi Wamwera ni watani, na mtani akikaa njiani humruki.

"Mtani, toka mlangoni," akasema Ngonyani. "Risasi haina macho."

"Hata mwenye kuipiga hana. Babu zenu walikuja huku kuiba ng'ombe, wakakuta hatuna ng'ombe, wakaondoka na kuku. Leo mmerudia mbwa?"

Watu wakacheka, cheko la watu wenye hofu, fupi na kali. Ngonyani naye akatikisa kichwa. "Kikongwe huyu! Ningekuoa nikakunyamazisha."

"Ungekufa njaa. Siwapikii wezi."

Lakini alipomaliza kucheka, alishusha bunduki kutoka begani. "Bibi, utani una mahali pake. Wenzio wameniambia. Yule mwenye masikio marefu hanywi maji. Unataka aue mji mzima?" Bibi alianza kukunja mguu mmoja, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuinuka.

Wakati huo Mama Anjela alikuwa akitokea mtoni na mtungi kichwani, kwa maana mbwa wengine walikuwa na kiu yao, nao aliwamiminia maji kwenye kishimo cha ardhini. Aliutua karibu na nguzo bila kuangalia. Mtungi ulikuwa unavuja, maji yakamteremka mguuni, yakaingia mchangani. Nikamwona Tobi. Alinyoosha shingo mpaka kamba ikamkaba, akatoa ulimi, akaulamba ule mchanga uliolowa. Kisha akalamba kisigino cha Mama Anjela. Akalamba tena. Watu wote walikuwa wakitazama bunduki, hakuna aliyeona ila mimi, na mimi ndiye mtoto asiyeweza kuomba chumvi kwa jirani. Nilipita chini ya mikono ya watu, nikamfikia Bibi, nikamtia mdomo sikioni. "Bibi, analamba maji. Hayaogopi. Hataki ya debe."

Bibi aliinuka, akaenda mpaka kwenye debe, akachovya kidole, akakileta puani. Juu ya yale maji kulikuwa na utando wenye rangi rangi kama shingo ya njiwa. Majivu yake hayakuwa yameondoa mafuta ya trekta. "Astaghfirullahi," akasema, kwa sauti ya kujisemea. "Hili si nimempa mimi? Hata punda angekunywa haya?"

"Kulamba si kunywa," akasema Ngonyani. "Anywe chomboni, nione kwa macho yangu. Na mtu asimsogelee kwa mikono." Chombo kikatafutwa. Mdomo wa mtungi ulikuwa mwembamba, vyombo vya Mama Anjela viko ng'ambo ya mto, na askari hakuwa na siku nzima. Kulikuwa na wanawake pale wenye vibuyu na sufuria za kuteka maji. Niliziona zikiteleza chini ya kanga moja moja. Siwalaumu. Waliogopa najisi, waliogopa kichaa, na mimi nilikuwa nikiogopa vyote viwili. Bibi aliwatazama, kisha akanigeukia. "Nenda kalete bakuli la babu yako."

Bakuli hilo lilikuwa la kauri, lenye maua ya buluu ukingoni. Babu alilinunua duka la Mhindi mwaka aliomwoa Bibi, na kila Ramadhani alifuturu uji ndani yake mpaka alipofariki. Baada ya hapo halikutiwa chakula wala maji. Bibi alilifunika kitambaa, alilishusha mara moja kwa mwaka kulifuta. Nilikimbia nalo nimelikumbatia kifuani, nikiogopa mambo mengi kwa pamoja kiasi kwamba kuanguka ndiko nilikoogopa zaidi. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akamimina maji kutoka mtungini, akalisukuma kwa fimbo mpaka mbele ya pua ya Tobi.

Tobi akalinusa. Akainua macho akatutazama sote, kama kwamba ni sisi tuliokuwa tukipimwa. Kisha akainamisha kichwa na kunywa. Alikunywa kwa pupa, ulimi ukichapa maji, masikio yote mawili yameingia bakulini, akaligonga likataka kupinduka, akaendelea kulamba kauri tupu. Nikajikuta nameza mate, na koo langu halikukaza.

"Huyu ana mwenyewe," akasema Ngonyani, akapangusa jasho. "Na hao wengine?" Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Bibi alifungua kaniki aliyojifunga kichwani, akaishika kwa meno, akaichana kipande kirefu. Hakuweza kumgusa mbwa, basi akampa Mama Anjela amfunge wa karibu shingoni. "Wangu," akamwambia Ngonyani. Akachana tena. "Na huyu." Kaniki ilipoisha, yule yule mwanamke wa kisimani aliyezoea kuuliza hali ya wana wa Mama Mbwa alichana ukingo wa kanga yake, akasonya, akasema, "Basi mpeni huyo kilema, asije akatuaibisha." Wakafuata wengine. Ngonyani alisimama akitazama, mwishoni akatupa bunduki begani. "Mtani, leo mmenidhulumu kazi." Bibi akamjibu, "Kalalamike Songea." Lakini wale wa upande wa uwanja wa ndege hawakuwa na kaniki, na siku iliyofuata, king'ora kilipolia, baraza nyingi zilibaki bila mbwa.

Bakuli Bibi alilisugua kwa udongo kwanza, kisha akaliosha kwa maji mara saba kama dini inavyotaka, akalianika juani. Mwezi ulipotimia, Tobi akiwa mzima anatafuna mashudu, Bibi aliniita uani jua likizama. Alikuwa amelijaza bakuli maji. Kumbe alijua. Alikuwa ameyaona yale niliyoyatema penye majivu. "Mbwa amekunywa," akasema, "sasa unywe wewe. Limeoshwa." Nililishika, nikaona maua ya buluu yakitikisika chini ya maji, nikanywa lote bila kupumua, yakanilowanisha kifua. Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Sasa nina miaka kumi na saba na niko mbali na Nachingwea, katika shule ya sekondari ambako maji hutoka bombani na kila msichana ana kikombe chake. King'ora kilishanyamaza, na nyumba za wazungu zina watu wengine. Nilipokwenda likizo nilikuta banda limeezuliwa nusu ya paa, Mama Anjela ana mvi na mbwa wachache, na watu wanamletea makombo mchana kweupe, bila kujificha. Tobi alikufa kwa uzee. Ila ukipita njia ya Lionja utaona mbwa wa mashambani wenye masikio marefu yaliyonyauka, wanalinda mihogo. Bibi husahau jina langu siku nyingine, lakini bakuli hajalisahau. Watu wa siku hizi wanasema mambo ya zamani yalikuwa ya ujinga na hofu. Hofu kweli ilikuwepo, tena kubwa. Sijaona kwamba imepungua. Imebadili nguo tu: sasa naogopa mitihani, naogopa kusimama darasani, naogopa Bibi Mkubwa, mlezi wa bweni letu, na funguo zake.

Wiki hii kengele ya mchana ikilia, huja mbwa jike mwekundu, mbavu nje, akakaa mlangoni pa bwalo akiutazama. Jana Bibi Mkubwa alimwita mlinzi aje na rungu, akatugeukia sote na kuuliza, "Mbwa huyu ni wa nani?" Wenzangu walitazama chini. Shingoni mwa yule mbwa kulikuwa na ukanda mwembamba wa kanga, ambao nilikuwa nimeuchana asubuhi kwa meno. Mdomo ulitaka kugoma kama siku ile. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Wangu," nikasema.